Kiwimbi si LIKE: acheni kutafsiri kimyakimya

Najua nimepotea. Wale mlioniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu, jibu ni hapana. Nilikuwa nyumbani Nuu, nikarudi Nairobi na hasira, na uzoefu umenifunza kwamba makala ya hasira hujaa matusi na kukosa msimbo. Sasa hasira imepungua. Iliyobaki inatosha makala moja.

Leo nazungumzia alama moja tu, hii hapa:

~

Itafute kwenye kibodi yako, mara nyingi iko juu kushoto karibu na namba 1. Wengi wenu hamjawahi kuibonyeza. Wengine huiita tilda. Mimi nitaiita kiwimbi, maana ndivyo inavyoonekana.

Kwetu kiwimbi tunakijua tangu shuleni. Kikamba kina irabu saba: a, e, i, ĩ, o, u, ũ. Kile kiwimbi juu ya i na u si pambo. Kinabadilisha sauti, na sauti ikibadilika neno linabadilika. Mwalimu aliyekupiga kwa kusahau kiwimbi alikuwa na sababu, hata kama fimbo ilizidi.

Kiwimbi hichohicho, kikishuka kutoka juu ya herufi na kusimama peke yake katikati ya sentensi ya SQL, ni opereta ya PostgreSQL. Kazi yake ni kuuliza: je, maandishi haya yanalingana na ruwaza hii? Mfano:

SELECT * FROM wanachama WHERE jina ~* '^mw[iĩe]kali';

Maana yake: nipe kila mwanachama ambaye jina lake linaanza na mw, kisha herufi moja kati ya i, ĩ au e, kisha kali, bila kujali herufi kubwa au ndogo. Ile nyota baada ya kiwimbi ndiyo inayosema "usijali kubwa au ndogo". Ukiweka alama ya mshangao mbele, unakanusha. Kwa hiyo ziko nne: ~ na ~* na !~ na !~*. Basi. Ni familia ndogo kuliko ya jirani yako yeyote.

Sasa nisikilizeni jinsi familia hii ndogo ilivyomnyima mama mmoja mbegu.

Nuu, kwa wasiopajua, ni wadi ya Mwingi ya Kati katika Kaunti ya Kitui, mashariki mwa mji wa Mwingi, na ina kilima chenye jina hilohilo. Ni nchi kavu. Mito yetu ni mchanga kwa sehemu kubwa ya mwaka, na maji unayachimbua humo mchangani. Mvua za kutegemewa ni za Oktoba hadi Desemba. Zile za Machi hutudanganya mara nyingi. Kwa hiyo mkulima wa kwetu akisubiri mbegu, hasubiri kama mtu anayesubiri basi la saa nne kwa kuwa la saa tatu limejaa. Basi ni moja.

Kuna kikundi cha wakulima kule nyumbani ambacho sitakitaja. Niliwatengenezea ukurasa mdogo wa kutafuta majina kwenye orodha ya wanachama, ili siku ya kugawa mbegu za ndengu kijana aliye mezani asipekue makaratasi. Wenye kuutumia walikuwa kadhaa, na sikutaka mtu afute orodha kwa bahati mbaya, nikaweka mlinzi mlangoni. Mlinzi ni programu inayosoma kila kwiri kabla haijafika kwenye hifadhidata, inaangalia kama ni SELECT, na isipokuwa SELECT inaifukuza.

Ili mlinzi asome SQL anahitaji parsa. Parsa ni ile sehemu inayoichukua sentensi, inaikata vipande, na kuvipanga kama mti: hili ni jedwali, hii ni safu, huu ni mlinganisho. Ni kazi ya mwalimu wa sarufi. Mlinzi wangu akisharidhika na mti, anaiandika kwiri upya kutoka kwenye mti huo, na hiyo iliyoandikwa upya ndiyo inayokwenda kwenye hifadhidata. Shikeni hapo, maana balaa lilipita hapohapo.

Mwanzoni parsa yangu haikujua kiwimbi. Ukikiandika ilisema: sielewi alama hii, herufi ya 36. Iliudhi, lakini ilisema kweli.

Ndipo msanidi mwenzangu mmoja, mtu mwema na asiye na nia mbaya, akanitumia marekebisho ya mistari mitano. Ukiona ~ jenga tawi la LIKE. Ukiona ~* jenga tawi la ILIKE. Majaribio yote yalipita, kwa sababu majaribio yenyewe yaliuliza swali moja tu: je, kwiri inasomeka? Inasomeka. Ilikuwa usiku, nilikuwa nimechoka, nikayakubali. Kwa hiyo kabla sijawalaumu wengine, wa kwanza kulaumiwa ni mimi.

Siku ya mbegu ikafika. Mama mmoja mzee, susu kama tunavyowaita bibi zetu, akafika mezani. Kwa makala haya nitamwita Mwĩkali. Kijana akaandika jina, ukurasa ukatunga ile kwiri ya kiwimbi, mlinzi akaisoma, akaigeuza, akaituma. Jibu likarudi: safu 0. Hakuna kosa, hakuna maandishi mekundu. Sifuri safi kabisa.

"Susu, jina lako halimo."

"Angalia tena, mwanangu."

Akaangalia tena. Sifuri. Na kompyuta ikisema sifuri mara mbili, nani ataiamini kumbukumbu ya susu? Akarudi nyumbani kwa miguu.

Jina lake lilikuwamo. Lilikuwamo tangu siku ya kwanza, limeandikwa Mwekali, kwa sababu siku ya usajili mwandishi hakuwa Mkamba na sikio lake lilisikia ĩ kama e. Mimi nilipata habari siku mbili baadaye, kutoka kwa mama yangu, akinisimulia kama habari za kijiji: kompyuta yako imemkataa fulani. Nikafungua kumbukumbu za mlinzi, nikaona ILIKE mahali palipopaswa kuwa na kiwimbi, nikakaa kimya. Kikundi kilikubali kosa na susu akapewa mbegu. Lakini mvua ilikuwa imeshanyesha mara mbili, na kwetu mwenye akili hupanda kabla ya tone la kwanza.

Hiyo ndiyo hasira niliyorudi nayo.

Sasa tuingie kwenye ufundi, maana najua kuna wanaosema "lakini LIKE na kiwimbi si ni kitu kimoja, vyote vinatafuta?" Hapana jamani. Hesabuni nami.

Kwanza, LIKE inadai maandishi yote yalingane, kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kiwimbi kinaridhika kikipata mahali popote. Jina 'Mutua' ukiliuliza LIKE 'tua' jibu ni hapana. Ukiliuliza ~ 'tua' jibu ni ndiyo.

Pili, LIKE inajua alama mbili tu za ajabu: % kwa chochote, na _ kwa herufi moja. Kwake ^ na [ ni herufi za kawaida. Kwa hiyo ile kwiri iliyogeuzwa ilikwenda kutafuta mtu aliyebatizwa jina ^mw[iĩe]kali, pamoja na kofia na mabano. Sijui mzazi yeyote Ukambani aliyempa mtoto jina hilo.

Tatu, hata kisarufi hazikai mahali pamoja. Katika PostgreSQL kiwimbi kiko kwenye kundi la opereta za kawaida pamoja na || ya kuunganisha maandishi, na kundi hilo linasomwa kutoka kushoto. LIKE iko chini yake. Kwa hiyo:

jina LIKE 'Mu' || '%' inasomwa jina LIKE ('Mu' || '%')

jina ~ '^Mu' || 'tua$' inasomwa (jina ~ '^Mu') || 'tua$'

Ya kwanza inafanya kazi. Ya pili inazaa maandishi mahali ambapo WHERE inataka ndiyo au hapana, na PostgreSQL inaikataa. Parsa iliyokipa kiwimbi cheo cha LIKE itajenga mti mwingine kabisa, na kwiri mbovu itapita kama nzuri.

Nne, na hii ndiyo inayonitisha: kanusho. Kiwimbi kikigeuzwa LIKE, watu wanapotea kwenye orodha. Lakini !~ ikigeuzwa NOT LIKE, wote wanapita, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyelingana na ile ruwaza yenye kofia na mabano. Mnaona? Tafsiri moja mbovu, upande huu inamfungia mlango mwenye haki, upande ule inaufungua kwa kila mtu isipokuwa aliyeachwa NULL. Na pande zote mbili ni kimya.

Na hata kukata vipande si mchezo. Parsa lazima ijaribu !~* kabla ya !~, na ~* kabla ya ~, la sivyo nyota inabaki inaning'inia na kusomwa kama alama ya kuzidisha. Kiwimbi kikitangulia namba bila kitu upande wa kushoto, ni opereta nyingine, ya kugeuza biti. Ukiandika ~- bila nafasi katikati, PostgreSQL inaisoma kama opereta moja. Na mtu akiandika ~*/* maelezo */ '^mu', inabidi ujue kwamba opereta ni ~* na kinachofuata ni maelezo. Siyataji haya ili kuwatisha. Nayataja kwa sababu yule anayesema "ni alama moja tu, igeuze LIKE uende zako" hajawahi kukaa na hiyo alama.

Turudi kwenye lugha yetu kidogo.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Yaani mkutano ulikaa Mombasa, na Kimvita ndicho kikaachwa nje. Sawa, yalipita, na leo nyote mnanisoma kwa sababu ya usanifu huo. Lakini nenda Mombasa au Lamu, mzee akuambie "ndoo hapa". Anakuita. Anasema njoo. Wewe msanifu, unaona ndoo ni chombo cha maji, unakwenda uani na kumletea ndoo. Hukumkatalia wala hukumwuliza. Umemtafsiri kimyakimya, na sasa umesimama mbele yake na chombo mkononi ukisubiri asante.

SQL nayo ina usanifu wake na lahaja zake. Ilizaliwa IBM miaka ya 1970, ikapata kiwango cha ANSI mwaka 1986 na cha ISO mwaka 1987. LIKE ni ya ukoo huo wa zamani. Wakuu wa kiwango wenyewe waliona LIKE haitoshi: mwaka 1999 wakaongeza SIMILAR TO, mwaka 2008 wakaongeza LIKE_REGEX. Wakati huo wenye hifadhidata walikuwa wameshaenda kila mtu kwa njia yake. PostgreSQL na kiwimbi chake. MySQL na REGEXP, ambayo pia huitwa RLIKE. Oracle na REGEXP_LIKE tangu toleo la 10g la mwaka 2003. SQLite na GLOB. Hakuna anayeweza kusimama leo akasema watu wote wafuate sanifu katika jambo hili, kwa sababu sanifu ilifika karamuni sahani zikiwa zimeshaoshwa.

Nimesikia hoja za upande wa pili, na nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: tafuta kwa namba ya kitambulisho, majina ya nini? Kwenye karatasi inapendeza. Kwenye foleni, mzee amesahau kitambulisho nyumbani, namba iliandikwa vibaya siku ya usajili, kijana hajapata kitambulisho bado. Jina ndilo kimbilio la mwisho la mtu aliyesimama mbele yako. Na majina yetu yanaandikwa kwa mikono mingi. Mutisya na Mutisia. Kyalo na Kialo. Musyoka na Musioka. Wengine wanaacha kiwimbi kwa sababu ya simu: ujumbe mfupi wa kawaida unabeba herufi 160, lakini alfabeti yake haina ĩ wala ũ. Ukiweka ũ moja tu, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine na nafasi inashuka hadi herufi 70. Mtu anayehesabu shilingi ataandika u na kuendelea na maisha. Hakukosea tahajia. Alibana matumizi.

Hoja ya pili: tumia soundex, inalinganisha sauti. Soundex ilipewa hataza Marekani mwaka 1918, kwa majina ya huko na matamshi ya huko. Nimelipitisha jina Mutisya nikapata M320. Nikapitisha Mutiso, M320. Nikapitisha Mutuku, M320. Kwa soundex hao watatu ni mtu mmoja. Mwambie hivyo chifu uone.

Hoja ya tatu: tumia LIKE na alama ya _, yaani LIKE 'Mw_kali%', utapata zote tatu. Hii ni hoja nzuri na nitaipa haki yake. Siku njema itafanya kazi. Lakini herufi ĩ ina njia mbili za kuandikwa ndani ya kompyuta: kama herufi moja kamili, namba U+0129, au kama i ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi cha kubandika, U+0303. Kwa macho ni sawasawa. Kwa LIKE ya pili ni herufi mbili, na _ inakubali moja tu. Hata ile ruwaza yangu ya mabano ingemkosa huyo. Ruwaza kamili ni hii:

jina ~* '^mw(i\u0303?|\u0129|e)kali'

Kiwimbi kinaweza kuieleza. LIKE haiwezi. Tena kuanzia toleo la 13 la mwaka 2020 PostgreSQL ina kitendakazi normalize cha kusafisha majina yawe ya aina moja, na nawashauri mkitumie wakati wa kuhifadhi. Lakini hata kama LIKE ingetosha mia kwa mia, hoja yangu inabaki palepale: aliyeandika kiwimbi hakuandika LIKE. Kama unadhani angeandika LIKE, mwambie. Usimwandikie.

Hoja ya nne: opereta hizi zote za ruwaza ni ndugu, geuza kwenda ndugu yoyote. Hapana. Kabla ya toleo la 8.0.4, lililotoka mwaka 2018, REGEXP ya MySQL ilikuwa inalinganisha baiti kwa baiti. Sasa angalieni: katika UTF-8 herufi ĩ ni baiti C4 A9, na ũ ni C5 A9. Zinashiriki baiti ya pili. Ukiandika [ĩ] kwenye MySQL ya zamani, ilikuwa inatafuta C4 au A9, na A9 imo ndani ya ũ. Kwa hiyo irabu zetu mbili zilikuwa zinachanganyika bila mtu kujua. Na SQLite? Sarufi yake inalikubali neno REGEXP, lakini haiji na kitendakazi cha kulitekeleza. Usipoliwekea chako inakuambia wazi kwamba hakuna kitendakazi kama hicho. Naipenda SQLite kwa hilo. Inasema sina, haikupi kitu kingine ikajifanya ndicho.

Hoja ya tano: ruwaza ni hatari, mtu anaweza kuandika ruwaza nzito ikalemaza seva. Kweli. Basi weka kikomo cha muda kwenye hifadhidata, PostgreSQL ina statement_timeout kwa kazi hiyo. Na kama unaogopa mwendo wa pole, moduli ya pg_trgm inaweza kuziharakisha ruwaza kwa faharasa tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013. Ukiona bado hutaki, kataa kabisa na useme umekataa. Kukataa kwa sauti sina ugomvi nako.

Ugomvi wangu ni mmoja tu. Parsa ikikutana na kitu isichokijua, ina njia mbili za heshima: ijifunze, au iseme haijui. Njia ya tatu, ya kuchukua kitu kinachofanana na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, ni udanganyifu, hata kama aliyeandika msimbo alikuwa anataka kusaidia. Kosa linaloonekana lingemfanya kijana wa mezani anipigie simu. Ningekasirika, ningerekebisha, susu angepanda kabla ya mvua. Sifuri ilimfanya kijana amwambie susu kwamba hayumo.

Na msiniambie kwamba hili ni jambo dogo la wapenda sarufi. Programu nyingi leo zinasoma SQL kabla ya kuipeleka: walinzi kama wangu, vyombo vya ripoti, vyombo vya kuhamisha data kutoka hifadhidata moja hadi nyingine. Kila mmoja wao ana parsa tumboni. Mwenye data haioni. Anaona jibu tu.

Hiki ndicho nilichofanya, na mnaweza kukinakili.

Niliondoa ile mistari mitano. Nikakipa kiwimbi tawi lake lenyewe kwenye mti, likiwa na maswali mawili tu: je, linakanusha? Je, linajali herufi kubwa na ndogo? Hapo nne zote zinaingia. Sikuvumbua kitu. Mradi wa sqlparser ulioandikwa kwa Rust unafanya vivyo hivyo, opereta hizi zina majina yake kwenye mti, PGRegexMatch na ndugu zake, wala hazikuvalishwa nguo za LIKE. Kisha nikaipa cheo chake sahihi cha kisarufi, pamoja na ||. Mlinzi akiandika kwiri upya kwa ajili ya PostgreSQL, anaandika alama ileile aliyoisoma. Akiombwa kuandika kwa lahaja nyingine, anatafsiri pale tu ambapo maana inabaki ileile, kwa mfano ~ '^Mutua' inaweza kuwa LIKE 'Mutua%'. Kwingineko anasimama na kusema: opereta ~* ni ya PostgreSQL, lahaja uliyochagua haina inayolingana nayo, herufi ya 36.

Na majaribio nimeyabadilisha. Siulizi tena kama kwiri inasomeka. Nina jedwali lenye majina matano: Mwikali, Mwĩkali wa herufi moja, Mwĩkali wa herufi mbili, Mwekali, na Mwende. Kwiri inapita kwa mlinzi, inakwenda kwenye hifadhidata ya kweli, na lazima irudi na wanne. Ikirudi na watano, imeshindwa. Ikirudi na watatu, imeshindwa. Ikirudi na sifuri bila kusema neno, siendi kulala.

Kazi yote ilinichukua jioni mbili. Jioni mbili! Ile mistari mitano ilituokolea jioni mbili, na gharama yake ikalipwa na mtu ambaye hajui SQL ni nini na hana haja ya kujua.

Kwa hiyo ndugu yangu msanidi, leo au kesho fungua ile parsa unayoitegemea, andika kiwimbi, na uangalie kinachotoka upande wa pili. Ukikuta kosa, shukuru. Ukikuta LIKE, una kazi ya kufanya.

Nyongeza: kuna msomaji atakayeniuliza kuhusu DuckDB, maana nayo ina kiwimbi. Angalia vizuri. Kiwimbi cha DuckDB kinadai maandishi yote yalingane, cha PostgreSQL kinaridhika na sehemu. Alama ileile, umbo lilelile, maana nyingine. Hata kiwimbi kwa kiwimbi, usitafsiri kimyakimya.

Haya, tukutane wiki ijayo Mungu akipenda. Na kama uko Nuu, mvua zikinyesha nijulisheni.